Mpira wa besiboli haupasuliwi kama kuni

“Kata chini, kama unapasua kuni!” Ndivyo watoto wengi wa Uganda wanavyoambiwa wakishika gongo, na wanatii. Lakini tazama mpira wenyewe. Unatoka juu ya bega la mrushaji, unavutwa na ardhi, unamfikia mpigaji ukiwa unashuka. Gongo nalo likishuka kwa ukali, njia hizo mbili zinakutana mahali padogo mno. Mtoto akiwahi au akichelewa kidogo tu, amekosa.

Gongo lishuke kwanza hadi usawa wa mpira, kisha lipande kidogo kuufuata mstari wake. Ted Williams, mpigaji maarufu wa timu ya Boston, Marekani, aliyemaliza msimu wa 1941 na wastani wa .406 (yaani alifanikiwa kupiga takriban mara nne katika kila zamu kumi), alisisitiza hilo hilo. Na nguvu haitoki mikononi: nyonga inazunguka, mabega yanafuata, mikono inakuja mwisho.

Mji wetu wa Lugazi ulipeleka timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, besiboli ya watoto, 2012, kwa hiyo vipaji tunavyo. Jioni mwekee mwanao mpira juu ya kigingi, usawa wa kiuno, mbele ya wavu. Mpira anaoupiga ukigonga chini kabisa ya wavu, bado anapasua kuni.