Fedha ya Umma kwa Wacheza Ngoma Si Sadaka

Halmashauri ikitangaza mikopo isiyo na riba, sisi maafisa utamaduni tunasikia lalamiko lilelile: zahanati haina dawa, ninyi mnawapa wacheza ngoma. Wengi huuliza kwa nia njema, nami nawajibu kwa nia hiyohiyo.

Fikeni Bujora, Kisesa, mkoani Mwanza, mwezi Juni, wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma. Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana tangu zamani, hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni aliyevuta watazamaji wengi. Nani atozwe kiingilio hapo? Uwanja uko wazi. Aliyesimama kwa mbali anaona sawa na aliye mbele, na ukifukuza watu umeua mashindano yenyewe. Mama lishe anauza, bodaboda anapakia, gesti zinajaa. Mcheza bugobogobo, ngoma ya majembe, aliyewaleta wote anarudi kwake na jembe lake begani, na ngozi ya ngoma, njuga na mavazi alinunua mwenyewe. Kazi yake ina thamani, ila faida inaangukia mifuko ya wengine. Ni kama taa za barabarani: zinamwangazia kila apitaye, ndiyo maana hatumwachii mtu mmoja azilipie.

Sasa utaratibu, tafadhali usomwe wote. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo hii, hivi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Fungu la wasanii halipo humo, msilitafute. Kikundi cha ngoma huomba kama kikundi cha wanawake au cha vijana, kikiwa kimesajiliwa, kina katiba, akaunti ya benki kwa jina la kikundi na andiko la mradi. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Si kwa diwani, wala si kwangu. Mkopo hurejeshwa, na deni ni la wanachama wote, hata aliyekwisha hamia Geita. Anayewaambia kwamba fedha ya serikali haidaiwi anawaponza. Kununulia pikipiki fedha iliyoombwa kwa ajili ya ngoma ni kukiuka mkataba.

Hata hivyo mkopo hautoshi, na hili nalisema kwa uzito: ngoma isiyo na kiingilio itarejesha mkopo kwa fedha gani? Tunavialika vikundi hivi kupokea wageni, vinacheza juani tangu asubuhi, kisha tunavipa soda na nauli. Maturubai, viti na vipaza sauti vimo kwenye bajeti ya shughuli. Malipo ya wacheza ngoma nayo yaandikwe humo, kabla ya barua ya mwaliko kutoka.