Kabla Hujasaini Kazi ya Kamisheni, Chukua Karatasi Upige Hesabu

Binti mmoja alifika kwenye dawati letu la ushauri wa ajira akiwa na barua ya kuitwa kazini. Alikuwa amefaulu usaili wa kuuza mitambo ya sola ya kulipia kidogo kidogo, na barua ilimwahidi "kipato kisicho na kikomo". Nikamwuliza, kwa kila mtambo utalipwa shilingi ngapi? Hakujua. Utalipwa mteja akitoa malipo ya kwanza, au mpaka afikishe miezi kadhaa? Hilo nalo hakujua. Kwenye usaili alikaa karibu saa nzima akiulizwa maswali, yeye hakuuliza hata moja.

Simlaumu. Tumelelewa tukiamini kwamba kwenye usaili anayeuliza ni mwenye kazi, na mwombaji hujibu na kushukuru. Kwa kazi ya mshahara adabu hiyo haiumizi sana, kwa sababu kiasi cha mwisho wa mwezi kinajulikana. Kwenye kamisheni, ambako unalipwa kwa kila unachouza, anayetanguliza mtaji ni wewe: nauli yako, bando lako, soli za viatu vyako, na miezi ya ujana wako. Mwenye mtaji lazima aulize biashara inavyokwenda, na msaili anayekasirika kwa swali hilo ameshakujibu.

Tukachukua karatasi. Tuseme kamisheni ni Sh 15,000 kwa mtambo mmoja. Nauli Sh 4,000 kwa siku, siku 24 za kazi, ni Sh 96,000. Chakula cha mchana Sh 3,000 kwa siku, ni Sh 72,000. Bando na vocha Sh 20,000. Jumla Sh 188,000. Maana yake mitambo 12 ya kwanza haijakurudishia hata gharama; wa 13 ndio unaanza kukupa chochote. Kama kati ya watu kumi unaokaa nao ukawaeleza bidhaa mmoja ndiye anayenunua, inabidi uzungumze na watu 130 kwa mwezi, watano hadi sita kila siku, jua na mvua, ili tu usipate hasara. Badilisha tarakimu kulingana na kazi yako, lakini hesabu yenyewe usiiruke. Nimeona vijana wenye kipaji kikubwa cha kuuza wakiacha kazi na madeni kwa sababu waliipiga hesabu hii mwezi wa nne badala ya siku ya kwanza.

Swali linalosahaulika zaidi ni la mteja anayeacha kulipa. Kampuni nyingi za bima, mikopo na sola hukukata kamisheni uliyokwisha kulipwa kama mteja amekatisha malipo ndani ya muda fulani. Utaratibu huo una sababu yake, unamzuia muuzaji kumbebesha mtu bidhaa asiyoimudu. Kosa ni kuugundua kwenye hati ya malipo. Uliza: muda huo ni miezi mingapi, inakatwa yote au sehemu, na nikiondoka kazini kamisheni za wateja wangu nalipwa au zinapotea?

Upande wa kujibu, jiandae kwa lile jaribio la "niuzie kalamu hii". Wengi huanza kuisifu kalamu: wino mzuri, haivuji, bei poa. Anayeijua kazi huanza kwa kuuliza: "Dada, mara ya mwisho umeandika kwa mkono lini? Ilikuwa ni nini?" Msaili anapima kama unaweza kunyamaza ukasikiliza, maana maneno ya kuisifu bidhaa utafundishwa. Na ukiulizwa uzoefu, usiseme huna. Uliyekaa genge la mama ukajua nani wa kukopeshwa nyanya na nani wa kuambiwa "leo haiwezekani", una uzoefu wa mauzo. Aliyetembeza mitumba, aliyekuwa frilansa wa kusajili laini chini ya mwavuli, naye anao. Taja uliuza nini, ngapi kwa siku, na ulifanyaje ulipokataliwa.

Mafunzo ndiyo yanayoonyesha kampuni ni ya namna gani. Ukumbi wenye muziki, makofi na ushuhuda wa magari haujakufundisha kitu kama hujapewa bidhaa ukaishika, ukaieleza, ukapingwa na kurekebishwa. Siku mbili za kutembea nyuma ya muuzaji mzoefu, ukiangalia anavyobisha hodi na anavyoaga alipokataliwa, zinashinda wiki ya hamasa. Uliza kama siku hizo zina posho. Kwenye bima kuna la ziada: Tanzania, wakala husajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na Kenya anatakiwa kuwa na cheti cha umahiri, wenyewe wanakiita COP. Anayekutuma mtaani kuuza bima bila kukupitisha huko anakuweka hatarini wewe pamoja na mteja.

Na mkiambiwa mlipe kiingilio, kisha pato lenu litokane na watu mtakaowaingiza, ondokeni. Hayo si mauzo, ni upatu. Waliokuwepo wanaikumbuka DECI, mpango wa upatu wa Tanzania uliosimamishwa mwaka 2009 baada ya watu wengi "kupanda mbegu" zao humo.

Kuhusu mkataba, kwa Tanzania Bara sheria imesema mengi kuliko vijana wanavyoambiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi ujira wako na namna unavyokokotolewa. Kamisheni ni ujira, kwa hiyo kanuni yake iandikwe. Makato ya kufidia hasara hayaruhusiwi mpaka uelezwe kwa maandishi na upewe nafasi ya kuyapinga, na hayazidi robo ya ujira wako wa fedha. Mkataba ukikuita "wakala wa kujitegemea", soma pia kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo. Kama unapangiwa saa, unaelekezwa namna ya kufanya kazi, unapewa vitendea kazi, au unamfanyia kazi mtu mmoja tu, hata moja kati ya hayo linatosha kukuhesabu mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Mgogoro upelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA: siku 30 kwa kuachishwa kazi, siku 60 kwa madai mengine. Watu wengi hutufikia siku hizo zimepita, na hapo tunabaki kuhangaikia maombi ya kuongezewa muda.

Yule binti alirudi kwa mwajiri na maswali manne kwenye daftari. Matatu yalijibiwa palepale. La mteja anayeacha kulipa, meneja aliomba akaulize makao makuu, na baada ya wiki jibu likaja kwa maandishi: muuzaji anakatwa kamisheni hiyo mteja akiacha kulipa ndani ya siku 90. Akasaini. Wateja wake wa kwanza aliwatafuta kwa wafuga kuku wa mtaani kwao, watu wanaohitaji taa usiku kucha na wanaouza mayai kila asubuhi.