Ukimfinya mguu hasikii, sasa maumivu yanatoka wapi?

Hili swali la mgonjwa aliyepooza baada ya kuumia mgongo tunaulizwa sana wodini, tena ndugu anakuvuta pembeni kabisa: dokta, huyu mguu hasikii hata ukimchoma sindano, sasa usiku analia miguu inaungua, si anadeka tu? Hadeki. Ule ugwe ulioko ndani ya uti wa mgongo ndo unapeleka taarifa kwenye ubongo, ukiumia, iwe ni bodaboda au kuanguka kutoka juu ya mnazi, mishipa ya fahamu inaanza kurusha taarifa zisizo na kichwa wala miguu na ubongo unazisoma kama moto, shoti ya umeme, au mguu unabanwa, na mara nyingi maumivu haya yanaanza wiki au miezi baadae, watu wakishaona mgonjwa anapata nafuu.

Parasetamo na diklofenaki hapa hazisaidii sana, mtu anabugia tu mpaka anaharibu tumbo na figo. Zinazotumika ni kama amitriptilini dozi ndogo usiku, gabapentini au pregabalini, daktari anaanza chini anapandisha taratibu. Shida ndugu akisikia amitriptilini ni dawa ya sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoisha, anaificha, eti mwanangu sio kichaa! Jamani, hapo imeandikwa kwa ajili ya mishipa ya fahamu.

Maumivu ya bega ni habari nyingine, hilo linachoka kwa kusukuma kiti mwendo na kujinyanyua kitandani, mfiziotherapia, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, amfundishe mgonjwa kusukuma kwa misukumo mirefu ya polepole.

Sasa sonona. Shirika la Afya Duniani linakadiria asilimia 20 mpaka 30 ya walioumia ugwe wana dalili zake, kwahiyo wengi hawana, usidhani kila aliyepooza lazima awe hivyo ukaacha kumtibu. Kukosa usingizi na kukonda peke yake visikudanganye maana hata maumivu yanafanya hivyo, we angalia kama hata mpira alioupenda hataki kuusikia, anakataa kugeuzwa, anakataa mazoezi, anasema mimi mzigo tu kwenu. Asipolala kwa maumivu hafanyi mazoezi, viungo vinakakamaa, maumivu yanazidi, na moyo nao unazidi kushuka, ndo maana kutibu kimoja ukaacha kingine ni kutwanga maji kwenye kinu. Na wanaume wengi kinachowala ndani ni mambo ya chumbani na mkojo kumtoka mbele ya watoto, hawasemi mpaka waulizwe, basi sisi wataalamu tuulize, mbona dawa zipo na mbinu zipo.

Akitamka kwamba bora angekufa palepale kwenye ajali, msimkemee kwamba anakufuru. Muulizeni wazi kama anafikiria kujiua, asibaki peke yake, mleteni hospitali siku hiyohiyo, na zile amitriptilini azitunze ndugu mahali pa kufungia, amgawie za siku tu, kwasababu zikimezwa nyingi kwa mpigo zinasimamisha moyo.