Hakukosea, kateleza

Kazi yangu ni kuchora menyu za simu za kutuma pesa, na kuna wateja wanaotuma kwa mtu asiye wao. Jana nimeambiwa tena kikaoni, na mtu mzima mwenye shahada mbili: "Tatizo si menyu, wateja hawasomi." Ni kweli hawasomi. Wewe je, menyu ya kununua umeme huwa unaisoma? Kidole kinajua njia.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa Marekani wa ndege za mabomu za B-17 walikuwa wakishatua salama wanakunja magurudumu badala ya flapu (vile vibao vya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua), ndege inalalia tumbo. Ikaandikwa: kosa la rubani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis akaenda kuangalia, akakuta swichi mbili zinazofanana zimekaa bega kwa bega. Akabandika kigurudumu cha mpira kwenye moja, kabari kwenye nyingine. Kwisha. Marubani ni walewale.

Ninapogombana na watu ni hapa. Aliyekosea kaelewa vibaya, huyo mfafanulie. Aliyeteleza anajua vizuri anachotaka, mkono ndio umekwenda kwingine. Sasa unamuuliza "Je, una uhakika?" ili iweje? Anao!

Nilikaa na mama mmoja dukani kwake tukijaribu menyu ya kutuma pesa niliyoichora mwenyewe. Simu mkono wa kushoto, chenji wa kulia, mtoto kaunta anadai soda yake. Ikaja skrini ya kuhakiki yenye jina la mpokeaji. Mimi niliyeichora sijamaliza kulisoma, yeye kashabonyeza 1. Skrini nne za kabla yake zote 1 ilikuwa "endelea". Tulimzoesha sisi wenyewe, halafu tunamwita mzembe.

Nikashauri muamala usubiri dakika moja, mtu aweze kuutendua. Wenzangu kazini wakakataa, na nakiri walikuwa na haki: muuza samaki hakuachii fungu mpaka meseji iingie. Tukabaki na hili: namba unayoitumia pesa mara ya kwanza, huandiki 1, unaandika herufi tatu za mwanzo za jina unaloliona. Wale watano niliowajaribu walisimama wakasoma. Lakini watano wanakuonyesha tatizo lipo, hawakuhakikishii kuwa limeisha. Na laini ikiwa imesajiliwa kwa jina la shemeji, hilo jina litamsaidia nini? Hapo sina jibu zuri.

Kikao cha jana, kwa taarifa yenu, kimeazimia onyo liandikwe kwa herufi kubwa.