Kusawazisha mipangilio ya nyumbani na kazini: yanayosemwa na yalivyo

Mtu akishapanga kivinjari chake anavyopenda, ukubwa wa herufi, alamisho, viendelezi (programu ndogo za kuongezea) na vyote, hana hamu ya kuanza upya kesho yake ofisini. Chrome na Firefox zinamrahisishia, na wanaoandika programu wanapata huduma hiyohiyo ndani ya Visual Studio Code: unaingia kwa akaunti yako, unawasha usawazishaji (sync), mambo yanajipanga. Tatizo ni kwamba wengi tunauwasha bila kuuliza unabeba nini na unakipeleka wapi.

“Nimesawazisha, kwa hiyo nina nakala rudufu.”

Huna. Kazi ya usawazishaji ni kufanya kompyuta mbili zifanane, na kufuta nako ni badiliko kama mabadiliko mengine. Usiku ukifuta folda ya alamisho nyumbani ukidhani unapunguza takataka, asubuhi ukiwasha ya kazini nayo inaifuta. Mozilla, wenye Firefox, wanasema wazi kwamba huduma yao ya kusawazisha si ya kuhifadhia nakala. Tena data yake husimbwa, yaani hufichwa isisomeke, kwa ufunguo unaotokana na nenosiri lako. Ukilisahau na kuliweka upya bila ufunguo wa kurejesha, kilichokuwa kwenye seva kinafutwa, na unabaki kutegemea kilichomo ndani ya mashine zako. Nakala ya kweli ni kutoa alamisho kama faili la HTML na kuliweka kwenye flashi, dakika moja tu.

“Kila kitu kinahama.”

Hapana. Visual Studio Code, kwa mfano, haibebi mipangilio inayohusu mashine moja pekee, na njia za mkato za kibodi huzitenganisha kwa mfumo. Ulizopanga kwenye Mac nyumbani hazitakufuata kwenye Windows ya ofisini mpaka ubadilishe chaguo hilo. Ni uamuzi wa busara, maana kibodi zenyewe hazifanani.

Wanaoandika Kiswahili kwa Word wanalijua hili vizuri. Miezi kadhaa umekuwa ukiifundisha ya nyumbani maneno yako, “wanaotutegemea”, “yaliyokwishapitishwa”, moja baada ya jingine, hadi mistari myekundu imepungua. Ukifika ofisini, ambako unatumia akaunti nyingine, ukurasa mzima umewaka. Maneno yale kwa kawaida yamekaa kwenye faili liitwalo CUSTOM.DIC, ndani ya folda ya UProof, chini ya AppData, folda ya Windows ambayo kwa kawaida imefichwa. Ni faili la maandishi matupu, kila neno na mstari wake. Linakili, lipeleke, kisha liongeze kwenye orodha ya kamusi za ziada katika chaguo za Word. Mitindo yako ya kurasa nayo imo ndani ya Normal.dotm, kiolezo cha msingi cha Word. Hilo likinakiliwa, Word iwe imefungwa pande zote mbili, la sivyo huenda ikaandika la zamani juu ya jipya wakati wa kufunga.

“Itanimalizia bando.”

Mipangilio ni maandishi. Chrome hukipa kila kiendelezi nafasi ya takribani KB 100 tu ya kusawazisha. Anayekula bando ni folda ya picha na video uliyoiunganisha na OneDrive au Dropbox.

“Ni mipangilio tu, haina siri.”

Hii ndiyo ya hatari, kwa sababu manenosiri husafiri kwenye gari hilohilo. Cisco, kampuni ya vifaa vya mtandao, walidukuliwa mwaka 2022. Taarifa yao ya Agosti ilieleza kwamba mdukuzi alianza kwa kuiteka akaunti binafsi ya Google ya mfanyakazi mmoja. Mfanyakazi huyo alikuwa amewasha usawazishaji wa manenosiri katika Chrome, na la kazini lilikuwemo. Baada ya hapo mdukuzi alimpigia simu akijifanya mtu wa msaada na kumrundikia maombi ya kuthibitisha kwamba ndiye anayeingia, hadi akakubali moja.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Okta, kampuni ambayo biashara yake yenyewe ni kulinda utambulisho wa watu mtandaoni. Mfanyakazi aliingia kwenye akaunti yake binafsi ya Google ndani ya Chrome ya laptopu ya kampuni, na nenosiri la akaunti ya huduma, yaani inayotumiwa na mfumo badala ya mtu, likahifadhiwa humo. Okta waliona kwamba huenda akaunti hiyo au kifaa chake binafsi ndicho kilichovamiwa. Mafaili ya wateja 134 yalifikiwa. Walichofanya ni kuzuia akaunti binafsi za Google kwenye Chrome za mashine zao, na mtu wa IT akikuzuia vivyo hivyo sioni sababu ya kumnunia.

Kama ofisi inaruhusu, fungua wasifu (profile) tofauti ndani ya kivinjari: wa kazi kwa akaunti ya kazi, wako kwa yako, na kwenye wako uzime manenosiri na historia. Historia hasa. Kuna watu walioandika herufi mbili kwenye kivinjari mbele ya projekta, kikamalizia chenyewe kwa walichokuwa wakitafuta usiku.

“Nikiacha kazi, natoka tu kwenye akaunti.”

Kutoka kunazuia mapya yasiingie. Yaliyokwisha kuingia yanaweza kubaki kwenye diski, na ndiyo maana vivinjari huweka kisanduku cha kufuta data ya kifaa hicho unapotoka. Kitie alama, au futa wasifu mzima, kabla ya siku ya kukabidhi mashine. Kama umeshaikabidhi, iondoe kwenye orodha ya vifaa vya akaunti yako, kisha badili manenosiri yote yaliyokuwa yamehifadhiwa, ukianza na la barua pepe.