Roki na hevi metali za miaka hii: yanayosemwa na yaliyomo kwenye albamu

Ukimwambia mtu unapenda roki, au hevi metali, tawi lake lililo zito zaidi, swali la kwanza huwa "bado upo huko?" Wanaouliza hivyo, wengi wao, hawajasikiliza hata albamu moja iliyotoka tangu 2020. Basi nitawajibu kwa albamu ninazozipenda.

Wanasema roki imekufa. Hili halihitaji maneno mengi. Mwaka 2025 albamu ya Skeletá ya Ghost, bendi ya Sweden, ilishika namba moja kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, na wiki chache baadaye Even in Arcadia ya Sleep Token, bendi ya Uingereza, nayo ikafika pale pale. Mimi Ghost hainikoshi sana, lakini hesabu ni hesabu.

Wanasema ni muziki wa wazungu, na dhana hii ndiyo inayoniuma zaidi. Gitaa la umeme la roki limetoka mikononi mwa Wamarekani weusi. Sister Rosetta Tharpe alikuwa akilipiga kwenye nyimbo za injili kabla Elvis Presley, yule nyota mzungu wa roki, hajaingia studio. Kwetu Afrika nako, Zambia ya miaka ya 1970 ilijaa bendi za roki, na mojawapo, WITCH, ilirudi na albamu ya Zango mwaka 2023 baada ya kimya cha karibu miaka 40. Mwimbaji wao Emmanuel Chanda ni mzee sasa, ila sauti bado ina moto.

Halafu kuna Duma, vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja anayejiita Lord Spikeheart, na Sam Karugu. Albamu yao, iitwayo Duma vilevile, ilitolewa na Nyege Nyege Tapes, lebo ya muziki ya Kampala, mwaka 2020. Isikilize kwa spika kubwa: ngoma za mashine zinakimbia kasi ambayo mikono ya mtu haiwezi kuifuata, gitaa limesagwa mpaka linanguruma kama injini, na juu yake Spikeheart anapiga mayowe ya kukukamata kooni. Mwaka 2024 akatoa albamu yake binafsi, The Adept. Yeye ni kitukuu cha Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha Field Marshal, cheo cha juu kabisa cha kijeshi, katika Mau Mau, na hasira iliyomo kwenye albamu hiyo ina ukoo. Kumwambia mtu kama huyu kwamba anaiga wazungu ni kumkosea heshima.

Na Mdou Moctar wa Niger je? Gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe, nyuzi zikiwa nyaya za breki za baiskeli. Anapiga kwa mkono wa kushoto, anaimba kwa Kitamasheki, lugha ya Watuareg, na Funeral for Justice ya 2024 ndiyo albamu ya roki niliyoirudia kuliko zote mwaka ule. Ndani yake anawauliza viongozi wa Afrika, na Ufaransa pia, maswali yasiyo na adabu ya kinafiki.

Huyu huyu Mdou ananisaidia kujibu dhana nyingine, kwamba ni kelele tu na ukizima umeme hakuna wimbo. Mapinduzi ya Niger ya Julai 2023 yaliikuta bendi ikiwa Marekani. Kabla ya kurejea nyumbani, waliingia studio wakazirekodi upya nyimbo za Funeral for Justice kwa magitaa yasiyo ya umeme, zikatoka mwaka 2025 kwa jina Tears of Injustice. Zisikilize zote mbili, wimbo kwa wimbo. Ile ya kwanza inawaka. Hii ya pili ni kama watu waliokaa msibani. Nyimbo ni zile zile, na zimesimama wima.

Hata ile sauti ya kunguruma ya metali ni kazi ya kujifunza. Anayeijua hakwaruzi koo. Anasukuma hewa kutoka tumboni na kutetemesha mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti. Courtney LaPlante wa Spiritbox, bendi ya Kanada, anatoka kwenye mngurumo na kuingia kwenye uimbaji laini ndani ya wimbo mmoja. Albamu yao Tsunami Sea ya 2025 imejaa mageuko hayo.

Kuhusu dai kwamba ni muziki wa kishetani: ndiyo, zipo bendi zinazochezea alama hizo, sikatai. Lakini shutuma zimevuka mipaka. Mwaka 1990 Judas Priest, bendi ya metali ya Uingereza, walisimama mahakamani Reno, Marekani, wakidaiwa kwamba wimbo waliourekodi ulificha ujumbe uliowasukuma vijana wawili kujaribu kujiua. Jaji aliitupilia mbali kesi. Bendi ikaendelea, na Invincible Shield ya 2024, mwimbaji wao Rob Halford akiwa na miaka 72, ni albamu ya nguvu kweli.

Kisha watazame Voice of Baceprot wa Garut, Indonesia, mabinti watatu wenye hijabu walioanza metali wakiwa shuleni. Walitukanwa, wakatishiwa. Kwenye albamu yao Retas, ya 2023, kuna wimbo wanaomwomba Mungu awaruhusu wapige muziki. Dua ndani ya metali, na mpigo wa besi umenyooka kama msumari.

La mwisho, kwamba siku hizi hakuna anayesikiliza albamu nzima. Absolute Elsewhere ya Blood Incantation, bendi ya metali ya Denver, Marekani, iliyotoka 2024 na kurekodiwa studio ya Hansa mjini Berlin, ina vipande viwili tu vikubwa, kila kimoja kinapita dakika 20. Mngurumo unakatika ghafla, vinanda vinaingia polepole kama ukungu, tena hapo yumo Thorsten Quaeschning wa Tangerine Dream, bendi ya Ujerumani ya muziki wa kielektroniki, kisha ngoma zinarudi na kasi yote. Ukirukaruka mbele utakosa hasa pale zinaporudi. Tenga dakika 43, vaa hedifoni, anza mwanzo.