Kadi mpya za grafiki: kumbukumbu hukisiwa, bei haikisiki

Kaa na wapiga video za harusi na mazishi hapa Kisumu, kuanzia Kondele hadi Ahero, na mazungumzo hayakawii kufika kwenye kadi za grafiki. Mtu amejinyima, pesa ziko tayari, kisha anasikia kuna kadi mpya njiani, ina kumbukumbu kubwa zaidi, na eti bei ni ile ile. Anaahirisha kununua huku kazi za wateja zikirundikana. Tetesi ya aina hii imebeba mambo mawili yasiyostahili kuaminiwa kwa kipimo kimoja. Kiasi cha kumbukumbu unaweza kukipima mwenyewe kwa hesabu ya darasa la nne. Bei haipimiki, hata anayeivumisha awe nani.

Kadi ya grafiki, sehemu ya kompyuta inayoshughulikia picha na video, ina kumbukumbu yake yenyewe, VRAM, iliyopangwa kuzunguka chipu kuu kwenye bodi moja. Humo ndimo fremu za video hukaa zikisubiri kushughulikiwa. Si sawa na RAM ya kompyuta, ambayo unaweza kuiongeza baadaye. Ya kadi, uliyonunua ndiyo hiyo. Ikijaa, kompyuta huazima RAM ya kawaida, ambayo ni ya polepole sana kwa kazi hiyo. Mhariri hulihisi hilo mara moja. Video ya 4K ya mkesha wa matanga inacheza vizuri, anaweka athari ya kuondoa chengachenga za usiku, mara programu inagoma na kuandika kwamba kumbukumbu ya kadi imejaa. Chipu ingeiweza kazi. Kilichokosekana ni nafasi.

Sasa hesabu. Chipu kuu huwasiliana na chipu za kumbukumbu kupitia njia ambayo upana wake hupimwa kwa biti, na kila chipu ya GDDR, aina ya kumbukumbu inayotumika kwenye kadi hizi, huchukua biti 32. Kadi ya biti 128 basi ina nafasi ya chipu 4, ya biti 192 ina 6, ya biti 256 ina 8. Chipu nyingi za miaka ya karibuni ni za GB 2, na GDDR7, kizazi kipya cha kumbukumbu hiyo, imeleta za GB 3. Zidisha tu. Upo pia ujanja wa kubandika chipu za ziada nyuma ya bodi, mbili zikagawana njia moja, na jumla ikawa maradufu. Ndiyo maana RTX 5060 Ti, kadi ya kampuni ya Nvidia ya biti 128, ilitoka mwaka 2025 kwa namna mbili: GB 8 kwa dola 379 na GB 16 kwa dola 429.

Hesabu hiyo hiyo inafumbua jambo lililowashangaza wengi mwaka 2021. RTX 3060 ya dola 329 ilikuja na GB 12, ilhali RTX 3080 ya dola 699 ilikuwa na GB 10. Haukuwa ukarimu. Njia ya 3060 ilikuwa ya biti 192, yaani chipu 6: kwa chipu za GB 1 ingeishia GB 6, kidogo mno, na kwa za GB 2 ikafika 12. Katikati hapakuwa na kitu. 3080 ilikuwa na biti 320, chipu 10 za GB 1. Baadaye ilipotolewa 3060 ya GB 8, njia ilipunguzwa hadi biti 128.

Kwa hiyo zilipovuma mwaka 2025 tetesi za kadi za Super, yaani matoleo yaliyoboreshwa ya kadi za Nvidia zilizokuwepo, za GB 18 na GB 24, hazikuwa za kupuuzwa: 6 mara 3, na 8 mara 3. RTX 5090 ya laptopu tayari ilikuwa na GB 24 kwa mpango huo. Lakini hesabu inaonyesha kinachowezekana, haionyeshi kilichoamuliwa. Na mtu akikuambia kadi ya biti 192 inakuja na GB 16, mwulize chipu zimepangwaje.

Bei ni habari nyingine kabisa. Kampuni huiamua mwishoni, ikimtazama mpinzani, na hata ikishaitangaza inaweza kuibadilisha. Septemba 2022 Nvidia ilitangaza RTX 4080 ya GB 12 kwa dola 899. Oktoba ikaiondoa kabla haijauzwa, na Januari 2023 kadi hiyo ikarudi kwa jina la RTX 4070 Ti, dola 799. Ikiwa tangazo la mwenye mali lilibadilika hivyo, uvumi una nguvu gani? Isitoshe, kumbukumbu hutengenezwa zaidi na Samsung, SK Hynix na Micron, na mwishoni mwa 2025 mahitaji ya vituo vya akili bandia yalipandisha bei zake kwa kasi. Kuahidiwa GB zaidi kwa bei ya zamani wakati huo kulihitaji ushahidi mzito.

Halafu zile dola 429 za 5060 Ti zilikuwa bei ya Marekani ya mwaka 2025, kabla ya kodi. Kwa shilingi 129 kwa dola ni kama shilingi 55,000, bado usafirishaji, ada za forodha, VAT ya asilimia 16, faida ya muuzaji wa Nairobi na nauli ya kifurushi hadi Kisumu.

Mimi ningemwambia mhariri afungue mradi wake mzito kuliko yote, kisha atazame kwenye Task Manager ya Windows kumbukumbu ya kadi inafika wapi. Ikigota juu, asisubiri tetesi. 3060 ya mtumba ya GB 12 itamfaa. Ila ahakikishe muuzaji hampi ile ya GB 8, kwa sababu jina kwenye boksi ni moja.